Kuogelea mtoni kutoka Kilimanjaro hadi Pangani: mwongozo kamili wa joto la maji, misimu na usalama

Mtu akikualika kwenda kuogelea mtoni, jambo la kwanza unalouliza ni kama maji yana baridi. Ni swali la maana, ila kwa mito yetu halitoshi. Maji ya Januari huko tambarare ni mazuri sana kwa ngozi, lakini ndiyo hayo yaliyopungua mpaka watu, mifugo na mamba wanakutana kwenye vidimbwi vilevile. Maji ya Julai yanakung'ata, lakini yametulia na unaona hadi mawe ya chini. Maji ya Aprili mara nyingi hayana baridi ya kutisha, nayo ndiyo ninayoyaogopa kuliko yote. Kwa hiyo msimu ukupe fununu tu. Mto wenyewe uupime siku hiyohiyo na saa hiyohiyo, kwa mambo matatu: joto, kasi na rangi.

Nimechagua Bonde la Pangani kwa sababu ndani ya bonde hilo moja unapata karibu kila aina ya maji tuliyonayo Afrika Mashariki. Mto Kikuletwa unakusanya vijito vya Meru na vya Kilimanjaro upande wa kusini. Mto Ruvu (si ule wa Mkoa wa Pwani) unaleta maji ya Kilimanjaro upande wa mashariki na ya Ziwa Jipe. Inakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu, na kuanzia hapo mto unaitwa Pangani, unapita Korogwe na kumwaga maji Bahari ya Hindi penye mji wa Pangani. Ni safari ya takribani kilomita 500, kutoka kwenye msitu wenye ukungu hadi kwenye mikoko. Ukiuelewa mto huu, Tana, Galana, Rufiji au Ruvuma hazitakuwa ngeni kwako.

Hatua ya 1: Jua joto la maji linatoka wapi

Wengi huamini kwamba vijito vya Marangu na Materuni, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, vina baridi kwa sababu ni barafu ya Kibo, kilele cha mlima huo, iliyoyeyuka. Sivyo. Sehemu kubwa mno ya maji ya mlima ule ni mvua inayonyesha juu ya msitu, ikazama kwenye miamba ya volkano, kisha ikatoka kwenye chemchemi. Mchango wa barafu ni mdogo sana. Baridi unayoisikia ni baridi ya kimo na ya kivuli.

Kimo kina hesabu yake. Kila unapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa takribani nyuzi 6 za Selsiasi, na maji ya chemchemi hufuata wastani wa joto la mahali mvua ilipozama. Kwa hiyo tumia makadirio haya kabla hujatoka nyumbani: ndani ya msitu, juu ya vijiji vya mwisho, tegemea nyuzi 10 hadi 14. Katika ukanda wa migomba na kahawa, nyuzi 15 hadi 18. Chini ya Moshi mjini, ambako kimo ni kama mita 800, nyuzi 20 hadi 24. Kuanzia Nyumba ya Mungu, kwenye mita 690 hivi, hadi Korogwe, nyuzi 23 hadi 28, na kwenye maji mafupi yaliyosimama juani huzidi hapo. Mdomoni mwa mto Pangani, bahari ndiyo yenye kauli: karibu nyuzi 25 mwezi wa Agosti, na 29 au zaidi mwezi wa Machi.

Jambo la pili ni kivuli. Kijito kinachopita chini ya miti hubaki baridi mchana kutwa, na kile kilichokatiwa miti kingoni hupanda nyuzi kadhaa kati ya asubuhi na alasiri. Mto mkubwa haubadiliki haraka hivyo, maji yake ni mengi na jua la siku moja haliyatikisi.

La tatu ni chemchemi. Maji yanayotoka ardhini hayajui Januari wala Julai. Chemka, kule Rundugai wilayani Hai, ni mfano unaojulikana na wote: maji ya buluu, ya uvuguvugu, yanayobaki karibu vilevile mwaka mzima. Watu huyaita maji moto, lakini si moto wa kuunguza, na anayekwenda akitegemea kujikanda viungo atashangaa. Siku ya Julai hewa ikipoa, maji yaleyale huonekana ya moto zaidi kwa sababu ngozi yako inalinganisha.

Msomaji uliye Uswisi, Ujerumani au Kanada, kwako hesabu ni nyingine. Huko mwezi ndio unaoamua. Siku ya Mei hewa inaweza kufika nyuzi 25 wakati mto unaolishwa na theluji bado uko chini ya 15. Usiingie kwa kuangalia jua.

Hatua ya 2: Soma msimu, lakini usome mtiririko zaidi ya joto

Kiangazi, Januari hadi Machi mwanzoni. Haya ndiyo maji ya joto kuliko yote na mtiririko mdogo. Mlimani ni wakati mzuri kweli: maporomoko yamepungua nguvu, kidimbwi cha chini yake kinaingilika, na jua linakukausha ukitoka. Tambarare ni kinyume. Maji yakipungua hugawanyika kuwa vidimbwi, mkondo unakufa, majani ya majini yanaongezeka, na konokono wa kichocho wanapata makazi wanayoyapenda. Wanyama wote wanakusanyika hapo.

Masika, katikati ya Machi hadi Mei. Usiogelee mtoni. Najua kuna siku jua linawaka na mto unaonekana umetulia, hasa Machi mwishoni, lakini mvua inayokuhusu si ile iliyonyesha ulipo. Moshi mjini panaweza kuwa pakavu huku msitu ulio juu ukimwagikiwa na mvua, na maji hayo yatakufikia bila taarifa. Tarehe 1 Septemba 2019, katika korongo la Hell's Gate karibu na Naivasha nchini Kenya, watu 7 walipoteza maisha baada ya mafuriko ya ghafla kuwakuta korongoni. Septemba si mwezi wa masika. Kama korongo linaweza kujaa hivyo mwezi huo, Aprili haihitaji maelezo.

Wakati wa masika joto la maji nalo hudanganya. Maji ya mvua yaliyopita kwenye udongo wenye joto huweza kuwa ya kupendeza mguuni, na mtu akasahau kuangalia kasi.

Kipupwe, Juni hadi Agosti. Maji ya mlimani yanakuwa ya baridi kuliko miezi yote, ukungu unashuka hadi vijijini, na mwenye pumu au ugonjwa wa moyo asiingie. Lakini mtiririko unatabirika na maji ni safi. Kwa mwogeleaji aliyezoea, Julai mwishoni na Agosti ndiyo miezi ninayoipendekeza kwa Chemka, kwa kuwa maji yameangaza na hewa haichoshi.

Septemba na Oktoba ni kipindi kizuri kuliko vyote mlimani. Baridi imelegea, mvua za vuli bado, na mawe hayana utelezi mwingi. Kama familia inaweza kuchagua mwezi mmoja tu wa kwenda kwenye maporomoko ya Kinukamori (kule Marangu) au Materuni, ichague Septemba.

Vuli, Novemba na Desemba. Mvua ni fupi na za vipindi, na hilo ndilo tatizo lake. Ardhi iliyokauka hainyonyi maji ya mvua ya kwanza. Yanateremka moja kwa moja, yakizoa kinyesi, takataka na matawi ya miezi yote ya ukavu. Baada ya mvua ya kwanza kubwa, subiri angalau siku tatu, na usiingie mpaka rangi irudi.

Kabla ya safari angalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, nayo hutoa mwelekeo wa msimu mzima pamoja na tahadhari za siku chache zijazo. Ukiona tahadhari ya mvua kubwa kwa Kilimanjaro, Arusha au Tanga, ahirisha.

Hatua ya 3: Pima ukifika

Vifaa ni vichache: kipimajoto kisichopasuka (hata kile cha jikoni cha betri kinafaa), simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, na kijiti.

Joto lipime kwenye maji yanayotembea, si kwenye kidimbwi cha pembeni kilichopigwa na jua. Zamisha kipimajoto hadi kina cha kiwiko, mahali penye kivuli au ukikinga kwa mwili wako, ukiache dakika mbili ndipo usome. Kama unapanga kukaa muda mrefu, pima pia sehemu yenye kina, kwa kuwa uso wa maji yaliyotulia huwa na joto kuliko chini. Maji ya kijito huwa ya baridi zaidi alfajiri hadi saa mbili asubuhi, na ya joto zaidi kati ya saa tisa na saa kumi na moja alasiri.

Kasi ipime kwa kijiti. Tembea hatua kumi kubwa kando ya maji, kama mita 10, uweke alama mwanzo na mwisho. Mwenzako atupe kijiti katikati ya mkondo juu kidogo ya alama ya kwanza, nawe uhesabu sekunde zinazopita hadi alama ya pili. Rudia mara tatu. Sekunde 20 au zaidi maana yake ni nusu mita kwa sekunde au pungufu, na mtu anayejua kuogelea anaweza kuumudu mkondo huo. Sekunde 10 ni mita moja kwa sekunde, na hapo waogeleaji wengi wa kawaida hawawezi kurudi walikotoka. Chini ya sekunde 10, kaa kando. César Cielo wa Brazil, alipoogelea mita 50 kwa sekunde 20.91 mwaka 2009, alikuwa anakwenda takribani mita 2.4 kwa sekunde, tena kwenye bwawa, kwa mbio fupi ya nguvu zote. Mto uliofurika unaweza kumshinda hata yeye.

Na kumbuka kwamba nguvu ya maji haipandi sambamba na kasi. Kasi ikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne. Ndiyo maana maji ya magotini yanayokwenda kasi humwangusha mtu mzima mwenye nguvu zake.

Rangi ipime kwa miguu yako. Ingia taratibu hadi magotini ukitumia fimbo kugusa chini. Kama huvioni vidole vya miguu, usiende mbele. Maji ya udongo huficha magogo, miamba, chupa zilizovunjika, na huko tambarare huficha mamba.

Ukiwa ndani, mmoja wenu abaki nje akiangalia upande maji yanakotoka. Maji yaliyokuwa meupe yakianza kugeuka kahawia, majani na vijiti vikaanza kupita kwa wingi, maji yakapoa ghafla, au ukasikia mngurumo usiokuwepo, tokeni wote mara moja mpande juu ya kingo. Msikimbie kuufuata mto kushuka, na msirudi kuchukua viatu.

Hatua ya 4: Linganisha nyuzi na mwili wako

Maji huchukua joto la mwili kwa kasi takribani mara 25 kuliko hewa. Hewa ya nyuzi 20 unaiona ya kawaida; maji ya nyuzi 20 yatakutetemesha ukikaa.

Chini ya nyuzi 15, hatari kubwa ni dakika ya kwanza. Mwili ukishtuliwa na baridi, unavuta pumzi kwa nguvu bila kutaka, unapumua harakaharaka, na moyo unapiga mbio. Kichwa kikiwa chini ya maji wakati wa ile pumzi ya kwanza, unameza mto. Kwa hiyo usiruke wala kupiga mbizi kwenye maji ya mlimani, hata kama vijana wa pale wanaruka. Lowesha mikono, shingo na uso, ingia hatua kwa hatua, na ubaki mahali unaposimama mpaka pumzi itulie. Ukianguka ghafla, usihangaike kuogelea: lala chali, mdomo na pua juu, tandaza mikono, uelee kwa dakika moja hadi moja na nusu. Mshtuko utapita, ndipo utafute kutoka. Katika joto hili, kuchovya kwa dakika chache kunatosha.

Nyuzi 15 hadi 18 ndizo utakazozikuta kwenye maporomoko mengi ya ukanda wa migomba. Mtu mzima mwenye afya anaweza kukaa dakika tano hadi kumi. Dalili ya kutoka si kutetemeka. Ukifika hapo umeshachelewa. Toka vidole vinapoanza kuwa vizito na huwezi kugusisha kidole gumba na kidole kidogo kwa urahisi, kwa sababu mikono isiyoshika haiwezi kukuvuta juu ya jiwe lenye utelezi.

Nyuzi 18 hadi 22 zinafaa kwa anayejongea. Watoto hupoa haraka kuliko wakubwa, kwa hiyo watoe kila baada ya dakika kumi na tano, wakaushe, wapashe jua. Midomo ikibadilika rangi au mtoto akinyamaza ghafla, mchezo umekwisha kwa siku hiyo. Kwa mtoto mweusi rangi ya midomo ni ngumu kuiona, basi angalia ndani ya mdomo na kucha.

Nyuzi 22 hadi 28 ni maji ya raha. Mabwawa ya mashindano huwekwa kati ya 25 na 28. Juu ya hapo, hasa mdomoni mwa Pangani mwezi wa Machi, tatizo linageuka: mwogeleaji wa masafa hupata joto la ndani bila kulijua, kwa sababu jasho halimpozi ndani ya maji. Kanuni za kimataifa za mashindano ya maji ya wazi haziruhusu mbio yakizidi nyuzi 31. Kunywa maji ya kutosha kabla, uogelee asubuhi.

Hatua ya 5: Chagua mahali

Maporomoko ya Marangu na Materuni. Kidimbwi cha chini ya maporomoko kina sehemu mbili: ile maji yanakoangukia, na ile ya mbali yanakotulia. Kaa kwenye ile ya pili. Maji yanapoanguka huchanganyika na hewa, yakakosa nguvu ya kukuelesha, na mkondo wa chini hukurudisha palepale yanapopiga. Mawe nayo huanguka pamoja na maji. Vaa viatu vya mpira vyenye kukamata. Na mbege unayokaribishwa njiani iache mpaka umetoka majini. Pombe hupanua mishipa ya ngozi, unapoteza joto haraka huku ukijiona una joto.

Chemka. Joto si tatizo hapa. Kina ndicho tatizo. Maji ni meupe mno kiasi kwamba chini panaonekana karibu, kumbe panazidi kimo cha mtu. Wengi wanaokwenda hawajui kuogelea na wanategemea tyubu za kukodi. Tyubu si kifaa cha kuokolea, mtu akichoropoka katikati anazama. Vaa jaketi okozi linalokubana, na kabla ya kuruka kwa kamba angalia nani yuko chini. Msongamano wa wikendi na sikukuu nao ni hatari, kwa maana mtu anayezama kwenye kelele haonekani. Nenda siku ya kazi, saa tatu asubuhi.

Tambarare, kutoka Nyumba ya Mungu hadi Korogwe na kushuka. Ushauri wangu ni mfupi: usiogelee. Kuna viboko, kuna mamba, kuna kichocho, na kuna jambo lisilozungumzwa sana, yaani mto wenye mitambo ya umeme. Nyumba ya Mungu, Hale na maporomoko ya Pangani yote yanazalisha umeme, na mtiririko chini ya mtambo unaweza kupanda bila tone la mvua kudondoka. Hakuna anga litakalokuonya.

Pangani mjini. Hapa mto unatii bahari. Maji yanajaa na kupwa mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvu, karibu na mwezi mchanga na mwezi mpevu, tofauti kati ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hufika mita tatu na zaidi. Maji ya kupwa yakijumlishwa na mkondo wa mto hukuvuta kuelekea bahari kuu, na kasi huwa kubwa katikati ya kupwa. Wakati unaofaa ni ule muda mfupi maji yanaposimama baada ya kujaa, siku za maji mafu, yaani zile ambazo tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Waulize mabaharia na wavuvi wa Pangani au wa Bweni, ng'ambo ya mto. Wana saa hizo kichwani. Kaa mbali na njia ya kivuko, na usipande na mto kwenda kuogelea kwenye mikoko, kwa kuwa huko juu mamba wapo. Ufukweni nje ya mdomo wa mto ni bora zaidi, hasa wakati wa kaskazi maji yanapotulia.

Ukiogelea hapo utakutana na kitu cha kuvutia: maji matamu ni mepesi, hukaa juu, na ya chumvi hukaa chini. Mguu unaweza kuwa kwenye joto moja na kifua kwenye jingine. Si dalili ya hatari yenyewe, ila inakuonyesha kwamba mikondo miwili inapita hapo, na huenda inakwenda pande tofauti.

Hatua ya 6: Mamba, kiboko na kichocho

Mamba hana joto lake mwenyewe. Hulipata kwa jua na maji. Kadiri maji yanavyopata joto, ndivyo anavyokuwa mwepesi na mwenye njaa. Kwa hiyo miezi unayoyapenda maji wewe ndiyo anayoyapenda yeye. Mamba jike akilinda mayai, ambayo hukaa miezi mitatu hivi mchangani, hushambulia anayekaribia. Kibao kisipokuwepo haimaanishi mamba hayupo. Waulize wavuvi, wachunga ng'ombe na akina mama wanaochota maji: mara ya mwisho ameonekana lini, na wapi? Wakiwa wamejenga uzio wa miti mahali pa kuchotea, jibu umeshalipata.

Kiboko hutoka majini jioni kwenda malishoni na kurudi kabla ya alfajiri. Ukiona njia pana iliyokanyagwa inayoteremka mtoni, na kinyesi kilichotapanywa kwenye vichaka, hapo ni mlangoni kwake. Usisimame kati yake na maji.

Kichocho hakionekani kabisa. Vijidudu hutoka kwenye konokono wa maji yaliyotulia, hasa jua likiwa juu, na hupenya ngozi kwa dakika chache. Maji ya kasi na ya baridi yana hatari ndogo, na kadiri unavyopanda mlima hatari hupungua. Mabwawa, mifereji ya umwagiliaji ya tambarare na kingo zenye majani ndizo sehemu za kuogopa. Watoto huogelea kwenye mifereji ya mashamba ya mpunga kwa sababu maji ni mafupi na mzazi anaona hapana kina cha kumzamisha mtoto. Mfereji huo ndio wenye konokono.

Utaona saa zinapingana. Joto linakwambia ingia saa tisa alasiri, kichocho kinakwambia epuka adhuhuri, mamba na kiboko wanakwambia epuka machweo na alfajiri. Mlimani mgongano huu haupo kwa uzito huo, hivyo ingia kati ya saa sita na saa tisa, jua linapofika bondeni. Tambarare hakuna saa itakayokuokoa, badilisha mahali.

Hatua ya 7: Vifaa na uokoaji

Dumu tupu la lita 20, kifuniko kimefungwa barabara, likifungwa kamba ya manila ya mita 15 hivi, ni kifaa cha kuokolea ambacho kila nyumba inacho. Liwekeni ukingoni, karibu na mtu mmoja asiyeingia majini. Ongezeni filimbi, nguo kavu, na chai ya tangawizi kwenye chupa.

Mtu akizidiwa, mfikie kwa fimbo au kitenge ukiwa umelala kifudifudi ukingoni. Usipomfikia, rusha dumu juu kidogo ya alipo ili mkondo umpelekee. Usimrukie. Anayezama hushika chochote, na misiba mingi ya mtoni huwa ni ya watu wawili: aliyezama na aliyemfuata. Aliyechukuliwa na mkondo alale chali, miguu itangulie kuelekea maji yanakokwenda, aelekee ukingoni kwa mshazari. Asipingane na mkondo, na asijaribu kusimama kwenye maji ya kasi, kwani mguu ukinaswa kati ya mawe maji yatamlaza.

Akitolewa hapumui, mlaze chali, inua kidevu, ziba pua na umpe pumzi tano za mdomo kwa mdomo, kisha kandamiza katikati ya kifua mara 30 na pumzi 2, uendelee hivyo bila kuacha. Usimning'inize kichwa chini wala kumkamua tumbo. Wakati huo mwingine apige 114, Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au 112.

Hatua ya 8: Baada ya kutoka

Vua nguo zilizolowa mara moja, jikaushe, vaa kuanzia juu, unywe kitu cha moto. Mwili huendelea kupoa kwa dakika kumi na zaidi baada ya kutoka kwenye maji ya baridi, kwa hiyo usiendeshe pikipiki papo hapo. Aliyemeza maji na anaendelea kukohoa, kupumua kwa shida au kusinzia apelekwe hospitali siku hiyohiyo, hata kama anasema amepona.

Ukiogelea kwenye maji unayoyatilia shaka kwa kichocho, nenda kapime mkojo na choo baada ya wiki 6 hadi 8. Kabla ya hapo kipimo kinaweza kisione kitu, na dawa yake, praziquantel, hufanya kazi vizuri kwa minyoo iliyokomaa. Mkojo wenye damu usisubiri wiki hizo. Homa kali yenye maumivu ya misuli ya miguu, macho mekundu au manjano ndani ya wiki mbili tatu baada ya kuogelea kwenye maji ya mafuriko inaweza kuwa homa ya mgunda, ile iliyojulikana nchini baada ya mlipuko wa Ruangwa, Lindi, mwaka 2022. Mwambie daktari uliogelea wapi na lini. Bila hilo atapima malaria peke yake.